Shika Taa, Andika Majina: Namna Pande za Wachezaji Zinavyoshika Watu

Usiku mmoja wa mwezi wa sita mchezaji mgeni aliingia kwenye seva yetu, yaani kompyuta inayobeba gemu tunalocheza pamoja mtandaoni. Mhusika wake alikuwa daraja la kwanza kabisa: rungu, mkate mmoja, koti lililopasuka kwapani. Akasimama mbele ya lango la watu wa chumvi, mojawapo ya makundi ya wachezaji wetu, anaangalia huku na huku. Aliyekuwa zamu langoni, mchezaji wa siku nyingi, hakumuuliza ametoka wapi wala ana nguvu kiasi gani. Alimwambia: “Kijana, nishikie hii taa, mkono umekufa ganzi. Kila anayepita muulize jina na mzigo, uandike kwenye daftari. Supu ipo jikoni, utakunywa ukimaliza.”

Mgeni akashika taa. Aliandika majina kumi na moja usiku ule. Jina la tisa lilikuja kuzaa kesi iliyotushughulisha wiki tatu, maana lilikuwa la mtu aliyeapa mbele ya baraza kwamba hajawahi kukanyaga mji ule.

Mimi nilikuwa msimamizi wa zamu. Wasimamizi tuna hali ya kutoonekana, kwa hiyo nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwao, natazama tu. Huku nyumbani Dar ilikuwa imepita saa nne usiku, feni inazunguka, watoto wamelala. Nilibaki pale mpaka mgeni alipotoka, nikaandika kwenye karatasi: “Huyu kesho atarudi.” Akarudi. Mwaka uliofuata ndiye aliyekuwa mkuu wa ghala la chumvi.

Naandika haya kwa sababu kwa karibu miaka miwili kabla ya usiku ule tulikuwa tukijenga pande za wachezaji, yaani makundi yanayoshindana ndani ya mchezo, na zote zikitufia mikononi.

Kwa asiyezijua seva hizi, nieleze kidogo. Gemu letu ni Neverwinter Nights, lililotolewa na BioWare mwaka 2002. Lilikuja na programu ya kujengea ramani iitwayo Aurora, na nyingine ya msimamizi, inayomwezesha mtu kuingia katikati ya mchezo wenzake wakiwa wanacheza, akavaa umbo la mwenye duka au la joka na kuzungumza nao. Ndiyo maana zaidi ya miaka 20 baadaye bado zipo seva zinazoendeshwa na watu wa kujitolea, na toleo jipya la Beamdog la mwaka 2018 limeziongezea umri. Kwenye seva ya uigizaji hakuna mwisho wa hadithi ulioandikwa. Unaunda mhusika, unampa jina, ukoo na kasoro zake, halafu unaishi naye kwa miezi au miaka, kwa maandishi, mstari baada ya mstari. Lugha ya seva yetu ni Kiingereza, kwani wengi wako Ulaya na Marekani. Maneno ya wachezaji ninayoyaleta hapa nimeyaweka kwa Kiswahili mwenyewe.

Sasa, seva kama hii bila pande ni soko lisilo na wachuuzi. Watu wanapita, wanasalimiana, wanakwenda kuua mazimwi shimoni, wanarudi kuuza ngozi. Tukaona tuwape pande tatu: watu wa chumvi bandarini, watu wa mnara, watu wa msitu. Kila upande tuliuandikia historia ya kurasa 14. Tukawachorea bendera. Tukawajengea ngome zenye viti vya enzi. Tukaweka na alama za vita: ukimwangusha mtu wa upande mwingine, upande wako unapata alama, na wenye alama nyingi mwisho wa mwezi wanapewa zawadi.

Wiki ya kwanza seva ilijaa. Wiki ya tatu watu wa mnara, ambao walikuwa na wachezaji wanaolijua gemu kwa undani, walikuwa wakishinda kila siku. Walioshindwa wakaanza kutoonekana. Mwezi wa pili washindi walibaki ndani ya ngome yao nzuri, hawana wa kupigana naye. Mmoja wao aliniandikia ujumbe mrefu wa heshima. Alisifu bendera, akasifu ile historia ya kurasa 14, kisha akauliza: “Lakini leo nifanye nini?” Nilikaa na swali lile siku mbili. Sikuwa na cha kumjibu, na baada ya wiki naye hakuonekana tena.

Nadhani kosa letu lilianzia ndani ya injini yenyewe, ile programu ya msingi inayoliendesha gemu. Kwa Neverwinter Nights, upande ni namba. Kila kiumbe kisichochezwa na mtu kimewekwa kwenye kundi: maadui, raia, wafanyabiashara, walinzi. Hisia za kundi kwako hupimwa kuanzia 0 hadi 100. Ukiwa kwenye 10 au chini yake, wanakushambulia wakikuona. Ukifika 90, wewe ni rafiki. Katikati ya hapo hawana habari nawe. Kwa kundi la mbwamwitu mpango huu unatosha kabisa. Sisi tukachukua hesabu ile ile tukaipachika kwa binadamu: huyu adui, yule rafiki, basi. Lakini mtu anaweza kumchukia jirani wa nyumba ya pili na bado akamgongea mlango kuomba chumvi. Hapo ndipo maigizo yanapoanza, na hapo ndipo palipokuwa pamekosekana kwetu.

Nilirudi shule, kwa maana ya kusoma na kuuliza wakongwe jinsi magemu ya zamani yalivyofanya. Lililonifaa zaidi ni Ultima Online, lililofunguliwa mwaka 1997. Baadaye waliweka pande nne zinazogombea miji minane. Mji haukutekwa kwa kuua watu wake. Kulikuwa na muhuri wa mji, na ilibidi uuibe, uufikishe kwenye ngome yenu, muulinde kwa saa 10 mpaka ugeuke kuwa wenu, kisha muurudishe mjini kwake. Hapo mji unakuwa chini yenu kwa siku 3, halafu kinyang’anyiro kinaanza upya. Kinachonivutia ni mambo mawili. La kwanza, ushindi ulikuwa na tarehe ya kwisha. Aliyenyang’anywa alijua hatakaa bila mji milele. La pili, ukishauteka mji, kazi ndiyo kwanza inaanza: kiongozi aliyechaguliwa kwa kura anateua mshika fedha wa mji anayepanga bei za madukani, na mkuu wa ulinzi anayeajiri walinzi. Kwa hiyo mtu asiyejua kupigana hata kidogo anaweza kuwa na cheo, na cheo hicho kikawauma au kuwafurahisha watu halisi waliokwenda kununua mikate asubuhi.

Dark Age of Camelot la mwaka 2001 lilinifundisha hesabu ya tatu. Lilikuwa na falme tatu, Albion, Hibernia na Midgard, na wachezaji wa falme tofauti hawakuweza hata kuzungumza. Pande mbili zikigombana, mwenye nguvu anaponda mnyonge na mchezo umekwisha. Zikiwa tatu, wanyonge wawili wanaanza kutazamana. Hawana haja ya mkataba; kila mmoja anaona tu kwamba leo si busara kumpiga yule wa pembeni wakati mkubwa amelala mlango wazi. Ingawa sisi tulikuwa na pande tatu tangu mwanzo, zile alama za vita zilizofanana kwa kila adui zilifuta faida yote. Kumpiga mnyonge kulilipa sawasawa na kumpiga mwenye nguvu, na kulikuwa rahisi zaidi. Nani asingefanya hivyo?

World of Warcraft sitalizungumzia sana, ingawa ndilo watu wengi wanalolijua. Tangu mwaka 2004 lilizitenganisha pande zake mbili, Horde na Alliance, mpaka kwenye lugha, kiasi kwamba mtu wa Horde akiandika kicheko cha “lol”, wa Alliance anasoma “kek”. Mwaka 2022 wenyewe walilegeza, wakaruhusu watu wa pande mbili kuingia mashimoni pamoja. Ila kuna tukio lao moja la Januari 2006 ninalolitaja kila ninapokutana na mtu anayejenga seva. Palikuwa na milango mikubwa jangwani, Ahn’Qiraj, iliyofungwa. Ili ifunguke, kila seva ilibidi ikusanye bandeji, vyuma, ngozi na vyakula vilivyopikwa, kwa wingi wa kutisha, kila upande kwa orodha yake. Upande mmoja ukijaza ghala lake haitoshi. Lazima na wa maadui lijae. Mtu wa daraja la chini kabisa aliyejua kushona bandeji za kitani alikuwa anafungua mlango ule sawa na shujaa mwenye panga la moto. Na shujaa yule, akitaka kupita, ilibidi aombe Mungu adui yake naye afanye kazi kwa bidii.

Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu, kwa sababu nilikuwa nimeliona jambo hilo utotoni bila kulipa jina la gemu. Sisi tunaliita utani.

Wangoni na Wahehe walipigana vita vya kweli karne ya kumi na tisa, watu wakafa. Leo ni watani. Mngoni anaweza kumtukana Mhehe hadharani na hakuna kesi, lakini msiba ukiingia nyumbani kwa mmoja, mtani ndiye anayekuja kuchekesha waombolezaji, na ana haki na wajibu wake pale ambao hata ndugu hana. Yanga ilianza mwaka 1935, Simba mwaka 1936, ikazaliwa kutokana na watu waliomeguka Yanga. Tunaziita watani wa jadi, na sioni neno jingine linalofaa. Siku moja iondoke Kariakoo, ile nyingine itabaki na jezi na uwanja, itakosa cha kuzungumza Jumatatu asubuhi.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni beni. Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, kwenye miji ya pwani ya Kenya, vijana walianza ngoma iliyoiga bendi za kijeshi za Wazungu, na kila mji ukagawanyika kwa timu mbili zinazoshindana. Mombasa walikuwa na Kingi na Scotchi. Tanganyika walikuwa na Marini na Arinoti, na zikasambaa mpaka bara pamoja na askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila timu ilikuwa na sare, vyeo vya kijeshi kutoka juu hadi chini, akiba ya fedha, na tawi karibu kila mji. Siku ya mashindano walipigana kwa mavazi, gwaride, karamu na nyimbo za kusutana. Siku zisizo za mashindano, mtu wa Marini akishuka mji asioujua alitafuta Marini wenzake, akapata pa kulala, na akifa huko wao ndio waliomzika.

Hebu tazama vizuri mpango ule. Mgeni anapokelewa siku ya kwanza. Ana cheo, hata kiwe kidogo. Cheo kina kazi. Kuna adui wa kumsuta, na adui huyo lazima awepo, la sivyo gwaride linapigwa mbele ya nani? Vijana wale walikuwa wajenzi wa pande kuliko sisi tuliokaa mbele ya skrini na kurasa 14 za historia ya uongo.

Basi tukavunja tukaanza upya. Nilipendekeza kwa wenzangu wanne wa usimamizi tuanze na tumbo. Tukaandika skripti moja fupi, yaani maelekezo ambayo gemu linayafuata: nyama na samaki vinaoza baada ya siku chache za ndani ya mchezo, isipokuwa vimewekwa chumvi, na chumvi haipatikani popote ila kwenye mashamba ya bandarini. Dawa ya homa ya kinamasi inatengenezwa mnarani peke yake. Mbao na lami ya kuzibia mitumbwi vinatoka msituni. Hakuna upande unaoweza kuishi wiki mbili bila vitu vya wenzake. Alama za vita tulizifuta zote, na kuna walionung’unika, nami nawaelewa. Namba zinaonekana, na mtu anapenda kuona kitu kikiongezeka.

Vita ya kwanza chini ya mpango mpya ilizuka kwa sababu ya kivuko. Watu wa mnara walikata uhusiano na bandari kwa hasira, wakapiga marufuku kitu chochote chenye chumvi. Siku tatu za kwanza waliimba. Siku ya tisa walikuwa wanakula mkate mkavu na mboga za porini, na mpishi wa mnara, mhusika ambaye mwenyewe alikuwa hajawahi kuongea kwenye kikao, alisimama mbele ya mkuu wa mnara akaweka sahani tupu mezani. Hakusema kitu. Mchezaji wake aliandika tu kwamba ameweka sahani na amesimama, hajaondoka.

Usiku huo huo nilimfuata msichana mmoja wa mnara, mwanafunzi wa uchawi, aliyeteremka ufukweni peke yake bila taa. Nyuma ya mwamba alikuwa anamsubiri mvuvi wa upande wa chumvi ambaye mtoto wake, wa ndani ya hadithi, ana homa ya kinamasi. Wakakaa karibu saa nzima ya kweli. Hakuna aliyemwamini mwenzake. Mvuvi alitaka kuona dawa kwanza. Msichana alitaka kuonja chumvi, maana alisikia kuna watu wanachanganya na mchanga. Alilamba kidole. Akasema, “Ni yenyewe.” Kisha mvuvi akamwuliza, kwa sauti ya chini, kama huko juu mnarani kweli wanakula majani. Msichana akajibu, “Wewe mpe mtoto dawa kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni. Mengine hayakuhusu.” Sikuwa nimepanga hata neno moja kati ya hayo. Katika miaka yote niliyosimamia michezo, sijaona maigizo yaliyonigusa kama yale, na hayakuwa na pigo hata moja la upanga.

Magendo yalisambaa. Ndani ya wiki mbili kila upande ulikuwa na wasaliti wake wadogo wadogo, na wapelelezi wa kuwasaka, na viongozi waliojifanya hawaoni kwa sababu na wao walikula nyama jana yake. Hapo ndipo daftari la lango lilipopata uzito. Kabla ya magendo, kuandika majina langoni kungekuwa kazi ya kumchosha mtu bure. Sasa kila jina lilikuwa ushahidi.

Kuhusu vyeo, tulijifunza kwa maumivu. Kiongozi mmoja wa watu wa msitu, mtu mzuri sana, alikuwa na ufunguo pekee wa ghala la mbao. Namaanisha ufunguo hasa, kitu kilichokaa kwenye mfuko wa mhusika wake. Akapata kazi mpya mkoa mwingine, intaneti ikawa shida, akapotea miezi miwili. Watu ishirini walikaa nje ya mlango. Wangeweza kutuomba wasimamizi tuwafungulie, na mwishowe tulifanya hivyo, lakini kwa muda ule upande mzima ulikuwa umelala kwa sababu ya mfuko wa mtu mmoja. Tangu hapo kila ghala lina funguo tatu kwa watu watatu, na kila cheo kina siku 60, kisha baraza linakaa upya. Mtu anaweza kuchaguliwa tena. Asipoonekana, cheo kinapita kwa mwingine bila ugomvi na bila aibu, na akirudi anapokelewa kama mzee wa kundi. Maisha ya watu yana mitihani, uchungu wa kujifungua, bando linaloisha tarehe 20 ya mwezi. Upande usioweza kustahimili kukosekana kwa mtu mmoja haufai kubeba matumaini ya watu wengi.

Na saa. Hili wajenzi wengi hawalifikirii, sisi wa huku tunalijua kwenye mwili. Seva yetu iko Ulaya. Wenzetu wanapokaa kucheza saa tatu usiku kwao, kwangu ni saa nne wakati wa kiangazi chao, saa tano wakati wa baridi. Wamarekani wa pwani ya mashariki wanapoingia baada ya chakula cha jioni, huku ni saa kumi alfajiri. Kama ngome inaweza kutekwa saa yoyote, basi itatekwa wakati wenyewe wamelala, na kuamka ukute bendera ya mwingine juu ya paa lako ni dhuluma, hata kama kanuni zinaruhusu. Dark Age of Camelot walikuwa na masalio matakatifu sita ya kugombea, na malalamiko kuhusu uvamizi wa usiku wa manane hayakuisha. Sisi tuliamua kwamba ngome haitekwi kabisa. Vinavyogombewa ni vituo vitatu vya pwani, pambano linatangazwa siku mbili kabla, na anayeshinda anakishika kituo siku tano. Halafu tukaongeza kanuni moja ambayo nilidhani itapingwa: aliyeshindwa ndiye anayechagua siku na saa ya pambano linalofuata.

Kanuni hiyo ndogo ilibadilisha mengi kuliko skripti zetu zote. Aliyeshindwa anaondoka uwanjani akiwa na kitu mkononi. Ana kikao cha kuitisha. Anapanga: tuwapige Jumapili, mkuu wao wa ulinzi huwa hayupo, au tusubiri mbao za msituni zifike. Na mshindi analazimika kumfikiria aliyemshinda, kumtumia mjumbe, kumbembeleza asichague saa mbaya.

Jambo jingine nililoleta kutoka nyumbani ni majibizano. Pwani yetu, zama za ugomvi wa Mombasa ya Wamazrui na Lamu, washairi wa pande mbili walirushiana mashairi kabla na baada ya mikuki. Makunduchi, Unguja, siku ya Mwaka Kogwa kila Julai, wanaume wa pande mbili wanachapana kwa magomba, huku wanawake wakipita wakiimba nyimbo za kashifa, kisha wanakula pamoja na hakuna mgeni anayefukuzwa mlangoni. Nikawaambia wachezaji: baada ya kila pambano, siku ya soko, kila upande una nafasi ya kusimama kwenye jiwe katikati ya soko na kuusuta mwingine kwa shairi. Sheria ni kwamba husuti mchezaji, unasuta mhusika; na ukisutwa, unajibu kwa shairi au unanyamaza. Nilihofia Wazungu wataona haya. Jumamosi ya kwanza walijitokeza wawili. Ya tatu, mhunzi wa msituni alisoma beti nane kuhusu pua ya mkuu wa bandari, na mkuu wa bandari akamwomba nakala aitundike ofisini kwake.

Hapa lazima niseme kitu kwa wasimamizi wenzangu, hasa vijana wanaoanza. Tulikuwa na tabia ya kutaka kila hadithi ipite mikononi mwetu: joka tunalileta sisi, vita tunaitangaza sisi. Mchezaji anakuwa abiria. Siku hizi zamu yangu nzima inaweza kupita sijatamka neno. Ninachofanya ni kuangalia nani ana kazi na nani hana. Nikiona mtu amekaa kwenye benchi la ngome dakika ishirini peke yake, simletei jini. Namwandikia barua ya ndani ya mchezo kutoka kwa karani wa ghala: magunia mawili hayaonekani, tafadhali hesabu upya. Katika kuhesabu atahitaji kumwuliza mtu. Mara nyingi inatosha.

Nirudi kwenye jina la tisa. Kesi ilipofika barazani, pande zote tatu zilihudhuria. Nilihesabu watu thelathini na wawili, wengi kuliko vita yoyote tuliyowahi kuwa nayo. Mshtakiwa, mjumbe wa watu wa msitu, alisimama na utetezi wake mzuri: mtu yeyote anaweza kutaja jina la mwenzake langoni, gizani. Ni kweli. Baraza likamwita yule mgeni wa taa. Alikuwa daraja la tatu wakati ule, bado na koti lile lile, na nilijua kutokana na jinsi alivyokuwa akiandika polepole na kufuta kwamba mchezaji wake anatetemeka huko aliko. Alifungua daftari, akasoma mstari: jina, saa, mzigo: mapipa mawili. Kisha akaongeza ambalo hakuliandika: “Aliniomba niinue taa aone ngazi. Mkono wake ulipogusa taa uliacha doa. Nimejaribu kulisugua siku tano halitoki.” Akaiweka taa mezani. Kwenye maelezo ya kile kitu, ambayo mchezaji alituomba wasimamizi tuyaandike usiku ule ule na mimi mwenyewe niliyaandika, paliandikwa: alama ya vidole, lami nyeusi.

Mjumbe alilipa faini ya mapipa manne, na kwa sababu mapipa hayo yalikuwa ya wenzake, watu wa msitu waligombana wenyewe kwa wenyewe hadi mwezi wa nane.

Sasa tuna suala jipya. Wafanya magendo wanataka kuwa upande wa nne. Wameniandikia rasmi wakiomba ngome, bendera na rangi. Wenzangu wawili wa usimamizi wanakubali. Mimi nimekataa, na nimewaeleza kwamba sikatai kundi lao, nakataa kuwajengea. Wakilitaka watalifanya kutokana na kile walicho nacho, kama walivyofanya wale wa beni. Juzi usiku nilipita kwenye pango lao la ufukweni bila kuonekana. Walikuwa sita. Wawili walikuwa wakibishana kuhusu nani atunze akiba. Mdomoni mwa pango alikaa yule msichana wa mnara, sasa mtu mzima, na taa iliyofunikwa kitambaa na daftari ambalo halijaandikwa kitu, akiwauliza wenzake kama watu wa kazi yao wanaruhusiwa kuandika majina.